Kifandugu Hakifungwi Plasta

Kama imeandikwa lazima uvunjike, ndugu yangu, omba uvunjike mkono. Mkono unafungwa plasta ngumu, unaning'inizwa shingoni, na hata konda wa daladala anapaza sauti: "Mpisheni mgonjwa!" Mimi nimeteleza kwenye vigae vya bafuni nikaangukia kifandugu, kile kijifupa cha mwisho kabisa cha uti wa mgongo. Hicho hakifungwi plasta, na mahali kilipo huwezi kumwonyesha mtu akuhurumie.

Basi nasimama Mbagala mpaka Posta huku siti ipo. Konda ananiambia: "Mzee wangu, kaa, siti haina nauli yake!" Nimjibu nini mbele ya mama wa watu?

Maumivu nayavumilia. Kinachoniudhi ni ganzi. Kalio la kulia limejitangazia uhuru, halipeleki taarifa kokote. Juzi nyumba nzima ilipekuliwa kutafuta rimoti. Taarifa ya habari inapita, watoto wanasingiziana, mama watoto kapiga magoti anachungulia chini ya jokofu. Nilipoinuka nisaidie, rimoti ikadondoka sakafuni. Nilikuwa nimeikalia tangu magharibi, na betri moja imechomoka.

Mtaani nako kila mtu ni daktari. Huyu kaleta mafuta ya nyonyo, yule anashikilia maji moto na chumvi. Shemeji anamjua mzee "anayekirudisha" kifandugu kwa kukukanyaga mgongoni. Kukanyaga! Shemeji, nimekukosea nini?

Hospitali nikakutana na daktari wa umri wa kitinda mimba wangu. Akanishauri nitafute mto wenye tundu, nikikaa niinamie mbele, kifandugu kitapona chenyewe polepole. Kisha, pazia likiwa wazi, akauliza kwa sauti ya mnadani: "Mzee, mkojo unausikia ukija? Haja kubwa unaweza kuizuia? Ganzi imefika katikati ya mapaja, pale panapogusa siti ya baiskeli?" Foleni nzima ikanyamaza kusubiri jibu langu.

Nilinuna, mpaka aliponieleza. Uti wa neva unaishia juu kidogo ya kiuno; kuanzia hapo inashuka mishipa ya fahamu iliyotawanyika kama mkia wa farasi, nayo ndiyo inayotawala miguu, kibofu na njia ya haja kubwa. Ikibanwa vibaya, dawa yake ni upasuaji wa haraka, na ukichelewa unaweza kubaki na ulemavu wa maisha. Ganzi yangu ni ya kalio moja tu, mkojo unakuja kwa adabu zake, kwa hiyo nikarudishwa nyumbani chini ya uangalizi.

Wewe ukianguka, kisha ganzi ikaingia katikati ya mapaja, mkojo ukagoma au ukavuja, au miguu ikalegea, achana na mafuta ya nyonyo. Nenda hospitali usiku huohuo, na ukiulizwa mbele ya foleni, jibu. Aibu haijawahi kumpoozesha mtu.