Mazoezi ya Fulana

Bwana mmoja hapa Tunduma kaapa: kabla mvua hazijaanza atatoka Mpemba mpaka Itumba kwa baiskeli, milima ya Ileje yote chini ya magurudumu yake. Tukampa hongera. Tukamuuliza anajifua wapi. Akatoa kalenda.

Kalenda ya misafara, si ya vilima. Huu una fulana nzuri, ule una supu mwishoni, wa tatu utafunguliwa na mkuu wa wilaya. Twende Butiama, ule msafara wa kutoka Dar es Salaam hadi alikozaliwa Mwalimu, aliuangalia mara moja akaupita: siku nyingi mno, na watu wake wanaendesha kweli. Yeye na kilomita 20 za lami tambarare, pikipiki ya polisi mbele, gari la wagonjwa nyuma, ndizi katikati. Medali anazo saba. Mapaja ni yale yale ya mwaka jana.

Sikatai, kwenye kundi unajifunza kujibanza nyuma ya mwenzako akukingie upepo, na kula kabla njaa haijakuwahi. Ila mlima haukingwi na mtu.

Jumamosi alipitwa kwenye mwinuko na muuza mkaa: Phoenix isiyo na gia, magunia mawili nyuma, kandambili miguuni, kifuani hana namba. Bwana wetu akamkimbilia huku akikokota baiskeli yake, akihema.

“Shikamoo mzee. Samahani, ninyi mnajiandikishia wapi?”