Ombi la Stakabadhi ya Manjano: Barua ya Wazi kwa Tume ya Uwiano

Kwa Mwenyekiti na Makamishna,
Tume ya Kitaifa ya Uwiano na Utangamano,
Nairobi.

KUH: KUANZISHWA KWA USHURU WA MATUSI YA KIKABILA

Wakazi wa kaunti za Meru na Embu, ambao kwa miaka mingi wameisoma Tume magazetini ikiwa na kitenzi kimoja tu, yaani "imelaani", wanaomba radhi kwa kuisumbua wakati ambapo bila shaka inaandaa kulaani tena. Barua hii haikusudii kuilaumu Tume kwa kutomfunga mtu, kwa kuwa inafahamika kwamba Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya mwaka 2008 haikuipa uwezo wa kushtaki, na kwamba kazi yake huishia pale faili linapokabidhiwa Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma, ambako hupokelewa kwa heshima, likafutwa vumbi na kupewa mahali pa kupumzika. Kinacholetwa hapa ni ombi la kiuchumi.

Ombi hilo limeegemea tukio la mbali. Tarehe 25 Aprili 2014 ilisambaa Marekani sauti iliyorekodiwa ya Donald Sterling, mmiliki wa timu ya mpira wa kikapu ya Los Angeles Clippers, akimgombeza rafiki yake wa kike kwa kuandamana na watu weusi kwenye mechi za timu ambayo wachezaji wake wengi walikuwa weusi. Siku mbili baadaye wachezaji hao waliingia uwanjani Oakland, wakavua jaketi zao na kuzirundika katikati ya uwanja, kisha wakapasha misuli wakiwa na fulana walizozigeuza ndani nje ili jina la timu lisisomeke. Siku mbili tena zikapita, na kamishna wa ligi, Adam Silver, akamfungia Sterling maisha na kumtoza dola milioni 2.5, ambazo zilikuwa kiwango cha juu kabisa kilichoruhusiwa na kanuni. Dunia ilipiga makofi. Kabla ya mwaka kwisha, timu ambayo mzee huyo aliinunua mwaka 1981 kwa takriban dola milioni 12 ilikuwa imeuzwa kwa Steve Ballmer kwa dola bilioni 2, na fedha hizo ziliingia katika mali ya familia ya Sterling. Mama yeyote anayeuza viazi katika soko la Gakoromone, ambaye hesabu zake hufanyika kichwani na hazijawahi kukosea, angeomba naye aadhibiwe hivyo hata mara mbili kwa mwaka.

Inapendeza kuona kwamba Kenya haikubaki nyuma. Tarehe 8 Januari 2022 Mithika Linturi, aliyekuwa Seneta wa Meru, alisimama katika mkutano wa kisiasa mjini Eldoret akawahimiza wenyeji waondoe "madoadoa", neno ambalo tangu mapigano ya kikabila ya mwanzoni mwa miaka ya 1990 katika Bonde la Ufa limewalenga watu wa makabila mengine wanaoishi miongoni mwa wenyeji, kana kwamba jirani ni uchafu ulioangukia nguo. Alikamatwa, akashtakiwa, akaeleza kwamba alikusudia wanasiasa wasiounga mkono chama chake wala hakulenga kabila la mtu. Agosti mwaka huohuo alishindwa katika kinyang'anyiro cha ugavana wa Meru (wapiga kura walikuwa na sababu zao nyingi, na haitakuwa kweli kudai kwamba madoadoa ndiyo iliyokuwa ya kwanza). Oktoba aliapishwa kuwa Waziri wa Kilimo. Alinyimwa kaunti moja na wananchi, akapewa na dola mashamba ya kaunti zote 47. Katika baraza hilohilo la mawaziri waliketi Moses Kuria na Aisha Jumwa, ambao Juni 2016 walikuwa miongoni mwa wabunge wanane waliolazwa katika seli za polisi kwa tuhuma za matamshi ya chuki. Hakuna kati ya watatu hao aliyefungwa jela kwa tuhuma hizo, na haki ya mtuhumiwa ni lazima iheshimiwe; lakini raia naye ana haki ya kuhesabu, na kijana wa Maua au Runyenjes anayezunguka na bahasha ya vyeti mwaka wa nne sasa anaweza kusamehewa akidhani kwamba njia ya kwenda ofisini hupitia selini.

Hapa adabu inalazimika kukatizwa. Nje kidogo ya mji huo wa Eldoret, tarehe 1 Januari 2008, kanisa la Kiambaa lilichomwa moto likiwa na watu waliokimbilia humo, wengi wao wanawake na watoto. Miaka 14 na wiki moja baadaye, katika mji uleule, neno lilelile la kuwaondoa watu lilitamkwa kwenye kipaza sauti na mtu wa Meru, yaani mtu ambaye kwa kanuni ya neno lake mwenyewe alikuwa doa kama madoa mengine, tena doa la kutoka mbali. Yeye alirudi kwao. Waliobaki ni mwalimu kutoka Tigania, fundi wa magari kutoka Manyatta, mwenye duka la nafaka aliyezaa watoto wote huko na asiye na pengine pa kurudi, na hao ndio waliolala wakisikiliza mbwa wa jirani anabweka kwa sababu gani. Tume ilimwandikia mwenye kipaza sauti. Mwenye duka haijawahi kumwuliza hata jina, na msamaha, ulipokuja, ulitolewa kwa waandishi wa habari, ambao ndio watu pekee nchini wasiokuwa wamekosewa.

Tume iwie radhi. Barua inarudi katika heshima yake.

Watu wa Meru na Embu wanaufahamu pia ugumu wa kuwa herufi. Katika GEMA, chama kilichoundwa mwaka 1971 kuwaunganisha Wagikuyu, Waembu na Wameru, wao ni herufi ya pili na ya tatu, kwa hivyo kila anayewatukana Wagikuyu huwatukana na wao kwa bei ya jumla bila wao kupata punguzo lolote. Chama hicho kilivunjwa mwaka 1980 pamoja na vyama vingine vya makabila, na msako ukazifikia hata klabu za soka: Abaluhya ikawa AFC Leopards, Luo Union ikawa Re-Union. Dola iliyoweza kufua kabila katika jezi za wachezaji kumi na mmoja kwa muda mfupi hivyo imeshindwa kwa zaidi ya miaka 40 na ulimi, kiungo ambacho hakifiki hata upana wa mkono wa jezi.

Kuhusu ombi lenyewe, wakazi hawa hawana elimu kubwa ya sheria, ila wana shahada ya kutozwa. Mkulima wa miraa wa Igembe na mkulima wa muguka wa Mbeere wote wanaijua sesi, yaani tozo ambayo kaunti hukusanya kwa mazao yanayopita barabarani. Wanaujua ubao wa misumari uliolazwa kwenye lami, na kijana mwenye koti la kung'aa anayegonga kioo kabla gari halijasimama vizuri. Asiye na stakabadhi hapiti, hata kama majani yananyauka. Mei 2024, serikali za kaunti za Mombasa na Kilifi zilipopiga muguka marufuku, haikuchukua siku nyingi kabla ya magavana, Ikulu na Mahakama Kuu ya Embu kulishughulikia jani hilo. Hakuna tusi la kikabila lililowahi kupata heshima kama hiyo. Tume inaombwa basi iichukulie chuki kama zao la biashara, kwa kuwa ndivyo wanaoizalisha wanavyoichukulia.

Kazi ya kupanga madaraja haitakuwa ngumu, kwa sababu soko la miraa la Maua lina majina yanayoweza kuazimwa. Alele itakuwa daraja la chini, yaani mizaha juu ya kabila fulani na pesa, au kabila fulani na samaki, ambayo msemaji huicheka kwanza yeye mwenyewe ili wengine wajue ni mzaha. Kangeta itakuwa mafumbo na methali zilizochongwa kwa uangalifu ili baadaye mtaalamu wa lugha aweze kuapa mahakamani kwamba "kung'oa magugu" ni ushauri wa kilimo. Giza, kama jina lake, itakuwa ile inayosemwa kwa lugha ya mama kwenye mazishi, msemaji akiamini kwamba hakuna simu inayorekodi na kwamba Tume haina wa kuitafsiria, imani ambayo kwa Meru haikuwa na msingi, kwani mwenyekiti aliyeapishwa mwaka 2019, Kasisi Samuel Kobia, ni mzaliwa wa huko. Juu ya zote itakaa mbaine, ambalo ni jina la miraa inayochumwa kwenye miti mikongwe na kuthaminiwa kuliko nyingine. Humo yataingia maneno yaliyopandwa miaka ya 1990 na ambayo bado yanachumwa, madoadoa likiongoza.

Afisa wa ushuru atasimama kwenye lango la kila mkutano, harambee na mazishi akiwa na mizani. Atakagua kwanza ufungaji, maana kama vile miraa inavyofungwa kwa majani ya mgomba isikauke, tusi la kikabila nalo husafiri likiwa limefungwa katika maneno "mimi si mkabila, lakini", na uzito wa kifungashio hautahesabiwa. Kisha atapima umati, kwani tusi lililosikiwa na watu elfu kumi haliwezi kulipiwa sawa na lililosikiwa na madereva na mpishi. Kiwango cha juu tayari kimo katika kifungu cha 13 cha sheria ile ya mwaka 2008, ambacho kinataja faini isiyozidi shilingi milioni moja, kifungo kisichozidi miaka mitatu, au vyote viwili. Suala la kifungo halitaguswa, ili mila ya nchi isivurugwe. Katika msimu wa uchaguzi, wazalishaji wakubwa wataruhusiwa kulipa kwa mkupuo na kupewa kibandiko cha kubandika kwenye kioo cha gari, ili msafara usichelewe.

Malipo yakikamilika, stakabadhi itatolewa kwa nakala tatu. Nyeupe itachukuliwa na mheshimiwa, ambaye ataiambatisha kwenye wasifu wake siku ya kuhojiwa kwa uwaziri, mahali ambapo watu wengine huambatisha vyeti vya shule. Ya waridi itabaki na Tume, iilaani. Ya manjano atapewa mtu aliyetukanwa, na itakuwa na nafasi ya kuandika jina lake, jina la kabila lake kwa tahajia anayoipenda mwenyewe, aina ya biashara yake na thamani ya bidhaa zilizomo dukani siku hiyo. Karatasi hiyo anaweza kuitundika ukutani kando ya leseni ya kaunti. Duka likichomwa, karatasi itaungua pamoja nalo, na huo ndio upungufu pekee ambao wakazi wameuona katika mpango huu, ingawa wanakiri kwamba hata bila mpango huu mambo yamekuwa hivyohivyo, na kwamba wapo waliokufa katika nchi hii wakiwa na stakabadhi za kila kitu, kodi, sesi, leseni, ada ya shule, isipokuwa ya neno lililowaua.

Yapo maombi mengine madogo. Katika orodha ya maneno yaliyopigwa marufuku ambayo Tume iliitoa Aprili 2022, na ambamo madoadoa iliwekwa benchi moja na hatupangwingwi, kaulimbiu ya vijana wasiotaka kupangwa, yaongezwe maneno "nilinukuliwa vibaya". Faini, pale itakapobidi, ilipwe kwa fahali mbele ya Njuri Ncheke, baraza la wazee wa Kimeru, kule Nchiru, kwa kuwa fahali, tofauti na kesi, haahirishwi. Na sikukuu ya Madaraka itakaporudi katika uwanja wa Kinoru, kama mwaka 2018, au katika uwanja wa Embu, kama mwaka 2023, waliowahi kuandikiwa barua na Tume wakae upande usio na hema, pamoja na wananchi waliofika saa kumi alfajiri.

Kwa kuwa uchaguzi ni Agosti 2027 na mbegu tayari zimo ardhini, wakazi watashukuru wakipata jibu mapema, na wako radhi kulifuata wenyewe Nairobi iwapo Tume itawaeleza ni saa ngapi huwa haitoi taarifa kwa vyombo vya habari.

Wenu kwa utiifu,
Wakazi wa Embu na Meru,
(herufi ya pili na ya tatu).

Nakala: Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma, kwa ajili ya kuhifadhiwa.

Kiambatisho: Stakabadhi moja ya manjano, haijajazwa. Nafasi ya thamani ya bidhaa imeachwa ndefu kwa sababu mwenye duka aliyeombwa kuikagua aliuliza kama anaruhusiwa kuandika pia watoto.