Sifa za Jaribio la Bure

Washairi wa pwani wamesifu wafalme, majahazi, hata mnazi. Sijamwona aliyelisifu jaribio la bure, yaani ile makala ya maneno mia tano ambayo mteja wa mtandaoni humtaka mwandishi aiandike "ili tuone mtindo wako", kabla ya kumpa kazi, kabla ya kutaja jina lake, na aghalabu kabla ya kutoweka. Deni hilo nalilipa leo.

Sifa yake kuu ni elimu. Chuo kikuu kilinipa shahada moja tu; majaribio yamenipa mengine yote. Mimi ni mtu wa Likoni, Mombasa, na theluji niijuayo ni ile ya ndani ya friji. Hata hivyo, niulize jinsi ya kuzoa theluji mlangoni pa nyumba ya Minnesota bila kuteguka mgongo, nitakujibu kwa vichwa vidogo vitano na hitimisho. Najua dohani husafishwa lini na paka aliyenenepa alishwe nini. Elimu hii siwanyimi watu. Mzee jirani yangu, bati lake lilipovuja wakati wa masika, alikuja kuomba ushauri. Nikamweleza kwamba huenda joto la darini linayeyusha theluji ya juu, maji yanateremka, kisha yanaganda ukingoni mwa paa. Alinisikiliza kwa adabu, akashukuru, akaenda kumwita fundi. Mama muuza maandazi nimemfafanulia bima ya boti. Shangazi, aliyetaka tu kujua kama nimepata kazi, nilimpa njia saba za kumwandaa mbwa kwa safari ya ndege. Siku hizi haulizi.

Sifa nyingine nazipitia mbio. Jaribio hufundisha kukesha: jioni ya saa kumi na moja huko New York, wakati wa baridi, kwetu ni saa saba usiku, na mteja huitaka kazi "kabla ya jioni" bila kusema ya nani. Hupunguza ulafi. Hukuza imani, maana neno "tutakujulisha" halina siku ya mwisho.

Tena husafiri. Jaribio langu moja mteja alilikataa akisema halikufikia kiwango chao. Baadaye nikalikuta kwenye tovuti yao, neno kwa neno, limepachikwa jina la bibi mmoja anayetabasamu ambaye sina hakika kama amewahi kuzaliwa. Halikufikia kiwango! Kiwango gani hicho kisichogusa hata koma? Huo ni wizi, na aliyeufanya analala vizuri. Basi, tuendelee na sifa.

Hesabu yake ni nyepesi. Mteja anahitaji makala ishirini. Anatangaza nafasi moja, anateua waombaji ishirini, kila mmoja anampa mada yake. Wiki haijaisha, tovuti imejaa, nafasi "imefungwa", na hakuna aliyelipwa. Fundi cherehani wa Kongowea hakati kitambaa bila arbuni, wala haambiwi ashone suruali moja ivaliwe harusini kwanza ndipo ijulikane kama anajua kushona.

Jukwaa la kazi za mtandaoni la Upwork, lililopata jina hilo mwaka 2015 baada ya Elance na oDesk kuungana, linakataza wateja kuomba kazi ya bure. Katazo zuri. Lakini wa kushtaki ni yule yule mwombaji, aliyekwisha kununua tokeni za kuombea kazi kwa senti 15 za dola kila moja, na tangazo moja hudai tokeni kadhaa. Nani atamshtaki mteja ambaye bado anamtumainia? Hivyo jukwaa linapata ada, mteja anapata makala, nami napata maarifa ya theluji.

Serikali ya Kenya nayo inalipenda soko hili. Tangu 2016 mpango wa Ajira Digital unawafundisha vijana kutafuta riziki mtandaoni, na wanasiasa hawachoki kutuambia kuwa intaneti imejaa kazi. Sheria ya Fedha ya 2023 ikaleta kodi ya zuio ya asilimia 5 kwenye malipo ya maudhui ya kidijitali. Kumbe malipo yetu yakija, serikali inajua yakatwe vipi. Yasipokuja, kimya. Sheria ya Hakimiliki ya 2001 inalilinda andiko hata bila kusajiliwa. Nashukuru, ila yule bibi anayetabasamu nimfikishe mahakama ipi?

Waheshimiwa, mkiandaa mafunzo mengine, somo la kwanza liwe mkataba. Jinsi ya kupamba wasifu tumeshajua. Nawe kijana unayesubiri mteja ajibu, ukiombwa jaribio, taja bei kabla hujauliza mada. Akikataa, mtumie kazi zako za zamani. Mpya usimwandikie.