Tunakwenda Kutembea Tu

Katika mji wa Busia, ambao nusu yake imo Kenya na nusu yake imo Uganda, baiskeli ni chombo cha kazi chenye heshima zake, na tangu miaka ya 1960, vijana wa mpakani walipoanza kuwavusha watu na mizigo yao baina ya forodha ya upande huu na ya upande ule, wakaanzisha bodaboda ambazo leo zimeenea Afrika Mashariki nzima, ni nadra kuonekana mtu mwenye akili timamu akikanyaga pedali kutwa kwa ajili ya kujifurahisha. Kwa hiyo azima yetu, mimi na sahibu yangu, ya kwenda kwa baiskeli hadi Majanji, kwenye ufuko wa Ziwa Victoria, kisha kugeuka kaskazini hadi Tororo tukalitazame lile jabali lake kwa karibu, na kurejea nyumbani kwa njia ya Malaba kabla ya isha, majirani waliipokea kwa huruma ile wanayopewa wagonjwa.

Sahibu yangu ni mwenyeji wa Mombasa, mtoto wa nahodha, aliyeletwa Busia na biashara ya vitambaa, na hadi leo hajaisamehe nchi hii kwa kuwa na pwani isiyo na chumvi, tena iliyo zaidi ya mita 1,130 juu ya bahari yenyewe. Hata hivyo kazi ya kupanga safari aliitwaa yeye, akidai kwamba ziwa nalo ni maji, na maji ni fani ya ukoo wao. Jioni tulikaa barazani kwake, ramani imetandazwa mkekani na kahawa ikimiminwa, naye akinisomesha ya kwamba alfajiri umande huvuma kutoka bara kwenda ziwani, hivyo utatusukuma mgongoni hadi Majanji, na baada ya adhuhuri upepo wa ziwani huingia nchi kavu, hivyo utatusukuma mgongoni hadi Tororo. Na mja aliyejaaliwa upepo wa nyuma kwenda na kurudi, kisha akakaa nyumbani, huyo ameikufuru neema. Elimu ile ilikuwa sahihi, nami naishuhudia hata sasa.

Kilichonitia shaka ni shehena. Orodha yake ilianza kwa vitu visivyo na mushkili, yaani pampu, viraka, gundi, spana na mnyororo wa akiba, ikaendelea kwa chupa mbili za chai, mkeka, mwavuli, sufuria, ndoo ya plastiki na kamba ya kutosha kufungia jahazi, ikaishia kwa doti kadhaa za kanga, ambazo hakutoa tafsili yake. Mimi nilikataa kubeba chochote. Baiskeli yangu nilikuwa nimeinunua kwa kijana wa bodaboda aliyehamia pikipiki, nayo ingali na kiti cha abiria juu ya keria, kiti cha sponji kilichovikwa ngozi bandia nyekundu na kuzungushiwa matamvua ya manjano, pamoja na vyuma viwili vya kuwekea miguu. Na kukitwika kiti cha fahari namna ile masufuria ya watu niliona ni dhuluma.

Mpakani kijana mmoja mwenye adabu alizisoma hati zetu, akaizunguka baiskeli ya sahibu yangu, akaizunguka na yangu, kisha akauliza safari yetu ni ya nini.

"Tunakwenda kutembea tu," nikamjibu.

Akanyamaza. Mwenye mzigo hasemi auza nini, na asiye na mzigo hasemi baiskeli yake ina kazi gani: kwa mtu wa forodha, hiyo si matembezi. Nyuma yetu alifika mfanyabiashara mlemavu juu ya baiskeli yake ya magurudumu matatu, ile izungushwayo kwa mikono, amepakia magunia hadi usawa wa mabega, na kwa kuwa watu wa vyombo hivyo wamefanya uchukuzi hapa miaka mingi na shughuli yao inaeleweka, yeye alipitishwa kwa salamu, ilhali sisi tuliombwa tusubiri kidogo.

Umande ulivuma kama ulivyoahidiwa. Tulipouacha mji, mama mmoja mtu mzima, kuku kwapani, aliniita kwa mkono, nikasimama ili nimwamkie; na kabla sijamaliza salamu alikuwa amekwisha kuketi upande juu ya kile kiti chekundu.

"Lumino, mwanangu, na usikimbie, kuku huyu anataga."

"Mama, mimi si wa bodaboda. Tunatembea tu."

Akayatazama matamvua, akanitazama mimi. "Basi tembea kuelekea Lumino."

Nikatembea. Huko nyuma sahibu yangu alikuwa amezuiwa na akina mama waliotaka kujua bei ya ndoo, naye, aliyelelewa asimwache mteja akaondoka mikono mitupu, akaitaja. Ikafuata sufuria, ikafuata kamba, na tulipofika Lumino, mimi nikipokea nauli ambayo mama yule alikataa katakata nisiichukue, zile kanga ambazo hazikuwa na tafsili zilipata tafsili yake sokoni, doti baada ya doti.

Majanji tuliingia adhuhuri imekwisha kupita, tukala sato wa kukaanga, na upepo wa ziwani ukaamka na kuelekea Tororo kwa uaminifu mkubwa, ila ulikuwa umefuatana na mvua. Tulisukumwa mgongoni, tumelowa chapachapa, hadi Busia, tukaishia hapo.

Sahibu yangu amepiga hesabu na kuthibitisha kwamba, tukitoa bei ya samaki, safari ile ilileta faida. Tororo bado tunaipangia. Msomaji anayependa kufuatana nasi anakaribishwa, mradi aje na mzigo wenye jina, ili pale mpakani atusemee.