Mwongozo wa Kupika Sanje, Kijiji Kisichokosa Kitu

Kabla ya kuwasha jiko, toka nje ukague mali yako. Magharibi ni milima ya Udzungwa, msitu mtupu mpaka kileleni: hizo ni kuni. Mashariki bonde limejaa mpunga na miwa: huo ni mchele na sukari. Ukifuata barabara ya kaskazini utafika Kidatu, kwenye bwawa la megawati 204: huo ni moto wa kisasa. Maporomoko ya Sanje nayo yanashuka kiasi cha mita 170, maji bwerere. Mpishi mwenye stoo kama hii hayupo duniani. Kasoro ni moja tu: kila kitu kina mwenyewe. Turudi jikoni.

Somo la kwanza ni kuni, kwa sababu Sanje mboga huchaguliwa kwa kutazama kuni, tumbo likisubiri. Msitu huo wa Udzungwa ulipofanywa Hifadhi ya Taifa mwaka 1992, majirani waliendelea kuruhusiwa kuingia siku moja kwa wiki kuokota matawi makavu. Mwaka 2011 ruhusa hiyo ikafutwa. Sasa tawi likianguka lina haki ya kuoza kwa amani, nawe unatafuta kuni za mitiki kwa jirani au unauvizia mwembe wako mwenyewe.

“Shikamoo, mama. Fungu la kuni shilingi ngapi?”

“Marahaba, mwanangu. Unapika nini?”

“Kisamvu.”

“Basi chukua mawili.”

Mama hakosei. Kisamvu kinataka kutwangwa, kuchemshwa mpaka sumu itoke, kisha kuungwa nazi na kurudishwa tena motoni. Zamani kilikuwa mboga ya mnyonge. Leo ukikuta nyumba inanukia kisamvu cha nazi, bisha hodi kwa adabu, umefika kwa tajiri. Wewe na mimi tuna mlenda, ambao unaiva kabla hujamaliza kulalamika.

Wapo wasiosumbuliwa na vibali. Ngolaga, yule nyani ambaye wataalamu walimgundua mwaka 1979 baada ya wenyeji kumjua miaka yote, anaingia na kutoka hifadhini bila kuulizwa. Tembo naye hushuka usiku kuonja migomba na mpunga. Serikali ina kifuta jasho kwa hasara ya namna hiyo, ila kanuni za mwaka 2011 zilimwacha nje mwenye shamba lililo chini ya mita 500 kutoka mpaka wa hifadhi. Yaani anayelala mlangoni kwa tembo alionekana hatoki jasho.

Utaniuliza gesi. Mwaka 2024 taifa lilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia, lengo likiwa asilimia 80 ya Watanzania kufikia 2034. Ni mkakati mzuri, sikejeli, maana macho ya mama zetu yameshaungua moshi vya kutosha. Tatizo la mtungi wa kilo sita linaanza siku unapokwisha. Ufunike kitambaa cha kufuma, uuweke sebuleni karibu na redio. Unapendeza sana.

Umeme upo pia, nguzo hizo hapo. Taa inawaka, kuchemshia maharage ni habari ya LUKU. Lakini usijione mnyonge. Maji uliyooshea mchele leo, yakibahatika, yataingia mto Kilombero, ambao huupa Rufiji zaidi ya nusu ya maji yake, kisha yatazungusha mitambo ya bwawa la Nyerere lenye uwezo wa megawati 2,115. Yamwage kwa heshima. Huo ni mchango wako kwa taifa, na huenda siku moja ukauziwa kwa tokeni.

Sasa mchele. Mavuno ni kati ya Mei na Julai, na hapo ndipo wageni wanapoharibu. Mchele mpya bado una unyevu. Ukiupa maji ya mchele wa dukani utakula bokoboko. Kikombe kimoja cha mchele, kikombe kimoja na robo cha tui jepesi, chumvi, basi. Tui likikauka, punguza moto, palia makaa juu ya kifuniko, na usifunuefunue. Harufu ikifika barabarani umeiva.

Kula haraka, kwa sababu mnunuzi yuko njiani na gunia la lumbesa, lile linaloshonewa kilemba juu ili gunia moja libebe la pili kwa bei ya la kwanza. Uza, ada za shule hazingoji. Februari, shamba likiwa bado bichi, utaukuta mchele wako dukani umepata jina, bei na tabia za mjini. Usalimie, nunua robo.

Mwezi huo mboga ni majani ya maboga. Vuta nyuzi za mashina, katakata, chemsha kidogo na nyanya na kitunguu, maliza kwa tui la karanga. Hayahitaji fungu la pili la kuni, nami nayaona yanaushinda mchicha mara tatu. Chai utainywa bila sukari ikibidi. Mwanzoni mwa 2024 mvua za El Niño zilikwamisha miwa mashambani, sukari ikaadimika, serikali ikatangaza bei elekezi. Tulielekezwa vizuri, wenye maduka wakapotea njia.

Kuna chakula kimoja cha msimu mrefu zaidi: pilau ya kampeni, hupatikana kila baada ya miaka mitano. Huna haja ya mapishi. Njoo na sahani yako, keti kivulini, piga makofi wanapopiga wenzako. Nyama itakuwepo, na moto utakuwa mkubwa kweli kweli, wa magogo mazima, na siku hiyo hakuna atakayeuliza kuni zimetoka wapi.