Nilimwambia Mpini, Akanipa Mpini

Jirani, wewe kunywa chai yako. Usije ukanunua mashine ya espresso. Kama ushanunua, pole, vuta kiti tulie wote.

Hapa Kahama mtu akikuambia "hii mali ya mzungu wa mgodini," hela inatoka mfukoni kabla akili haijafika. Buzwagi ilifunga kazi 2021, na mpaka leo kuna watu wanauza mali za wazungu wa Buzwagi. Mzungu mmoja alikuwa na masufuria mangapi? Haya. Nikaletewa mashine. Inang'aa. Ina saa ya presha, mshale unatakiwa usimame kwenye 9. Mimi presha najua ya hospitali na ya tairi, ya kahawa ndiyo kwanza naisikia. Nikalipa.

Balaa likaja kwenye mpini. Kuna kale kakikombe ka chuma ka kutilia unga wa kahawa. Unakachomeka chini ya mashine, unazungusha mpaka kakaze, ndiyo maji yapite. Mpini wake plastiki. Nikakaza. Mimi nikikaza nakaza. Plastiki ikapasuka, nikabaki nimeshika vipande, chuma kimetoa ulimi wenye tredi. Nobu ya mvuke ndiyo kabisa, haikuwepo toka mwanzo. Muuzaji alisema zinakuja hivyo. Mama watoto anafungulia mvuke kwa plaizi, huku ananiangalia mimi, haiangalii plaizi.

Nikampelekea fundi pikipiki kile chuma. Akatupia jicho: "Hii ya kumi na saba." Nikaenda dukani kifua mbele, nipe nati ya milimita 17. Duka zima kimya. Kumbe 17 ni spana! Bolti yenyewe unene wake milimita 10. Dogo wa dukani akanifafanulia polepole, kwa sauti ya mwalimu wa chekechea, wateja wanasikiliza. Nikapewa ya 10, ya pikipiki. Inaingia kidogo, inagoma. Meno ya nati ya pikipiki yamebanana, yanapishana milimita 1.25. Ya kwangu 1.5. Robo ya milimita, jirani! Robo ya milimita imenizungusha mji mzima juani.

Sasa mbao ya kuchongea mpini mpya. Mafundi wa karibu wanachonga vitanda, ukiwaonyesha kikombe wanadhani unawatania. Nikaelekezwa Katoro, kwa mzee anayechonga mipini ya wachimbaji. Ukanda huu, kuanzia Kakola mpaka Nyarugusu, mpini si mchezo. Sululu ikikosa mpini duara, yaani shimo la machimbo, linalala, na duara likilala kuna mtu hali. Nikapanga foleni. Mbele yangu jamaa wa duarani, vumbi mpaka kwenye kope.

"Kaka, wewe unachimba wapi?"

"Jikoni."

Akasogea mbele kidogo.

Zamu yangu ikafika. "Mwangaluka, mzee." "Mwangaluka. Mpini wa nini?" "Wa kahawa." "Unalima kahawa? Huku?" "Nakunywa, mzee." Akakigeuza kile chuma. Akakinusa. Nikamweleza mambo haya ni ya Waitaliano, walianza zamani. Akauliza, "Vijiko hawana?"

Nilimwambia mpini. Akanipa mpini. Wa mninga, umenyooka, umenifika kiunoni. Sina ugomvi na kazi yake. Nikaufunga nyumbani, nikazungusha. Kikombe hakikuzunguka. Ilizunguka mashine, ikashuka mezani pamoja na sukari.

Nikarudi Katoro. Akaukata huku anasikitika, na kila kipande kikidondoka ananionyesha: "Hiki kilikuwa nyundo." Ana haki. Mkoa wa Shinyanga miti tuliifyeka sana, mara tunaua mbung'o, mara tunalima pamba, mpaka serikali ikaleta HASHI, mradi wa kurudisha miti, mwaka 1986, tukarudishwa kwenye ngitili, yale malisho ya akiba ya babu zetu. Mzee wa umri ule hakati mti kwa ajili ya mtu anayechimba jikoni. Mimi nikamwomba anipigie na vanishi, ing'ae. Akapiga. Nikapika. Mvuke ukapanda, vanishi ikatoa malengelenge, mama watoto akaonja akasema kahawa inanuka kama kitanda kipya.

Ndipo mzee alipotoa mchi wa zamani, uliovunjika, wa mpingo. Jirani, mpingo ndiyo mti wenyewe. Huko nje wanatengenezea klarineti. Ukiutupa majini unazama. Drili ilipoingia ikatoa moshi, mzee akapumzika, akaendelea, moshi tena. Nati yenye meno yangu tulipata kwa fundi wa makarasha ya kusagia mawe, ikazamishwa ndani kwa araldaiti. Vanishi akakataa katakata. Alisugua kwa msasa, mkali kwanza, laini baadaye, mwisho kitambaa tu, mpaka mti ukang'aa wenyewe. Kipande kilichobaki akakichonga nobu ya mvuke, ya kujaa kiganjani. Akanitoza bei ya mipini minne ya sululu. Nilipoguna akaniambia mwenye sululu atarudisha hela yake.

Mweusi, ubavuni una mstari wa kahawia. Mzito. Mvuke unafoka, mpini wenyewe hauunguzi mkono. Mama watoto kaweka plaizi pembeni, hajasema kitu, na kwake hiyo ni sifa. Wageni wakija naufungua nawapa waushike, wanausifia, wanaupima uzito. Kahawa siwapi.

Haipo. Nikikaza sasa, na mpini huu nakaza kweli, maji yanatokea ubavuni yananilowesha miguu. Mpira wa ndani umekauka. Mwanza nimeuliza, hawana. Kariakoo wanataka modeli, na modeli iliandikwa kwenye kile kibandiko nilichobandua ili mashine ipendeze. Kwa hiyo jirani, ukipita popote ukaona mpira wa duara, milimita 73 kwa nje, unene 8, nichukulie, hela nitakurudishia. Nimepima mwenyewe kwa rula ya mtoto. Ila muulize kwanza muuzaji kama hiyo 73 ni mpira au ni spana.