Sanda ya Ndege

Tangu juzi, kila nipitapo Mtaa wa Sikukuu, wako wanaonishika mkono na kunipa pole kwa msiba usionifika, na wako wengine, waliokwisha kupata habari sahihi, wanaoniuliza kwa taadhima kubwa kama marehemu ameshapakwa rangi. Nami sijui ni kundi lipi kati ya haya mawili linalonitahayarisha zaidi.

Sababu ni bafta. Fundi mkuu wa karakana ninakofanyia mafunzo ya vitendo amepokea Piper Super Cub ya zamani, ndege ya viti viwili ambayo mabawa yake, yenye zaidi ya futi 35 kutoka ncha hadi ncha, ni mifupa ya aluminiamu iliyovikwa nguo, na mwenye ndege ameshikilia kwamba ivikwe pamba, si nailoni wala jamaa zake. Nguo ya ndege huja na cheti chake, wala haipimwi kwa mkono juu ya meza ya muuza khanga. Walakini wanafunzi hatukabidhiwi nguo yenye cheti, twakabidhiwa fremu ya mbao ya kujifunzia, na kwa ajili ya fremu hiyo nilitumwa Kariakoo nikatafute yadi 12 za bafta nyeupe, isiyotiwa wanga, kwa nauli yangu mwenyewe.

Mzee wa duka aliposikia "bafta nyeupe, yadi 12," alivua miwani. "Mkubwa?" akauliza kwa upole.

"Wa zamani sana, mzee. Wa miaka ya hamsini."

"Alhamdulillahi, amekula chumvi. Mwanamume au mwanamke?"

Nikadhani ni mzaha wa wauza nguo, nikamjibu kwamba mafundi humwita bibi. "Basi vipande vitano," akasema, na mkasi umekwisha kuingia katika jora, nami nikapiga kelele, mbele ya wateja wote, kwamba asikatwekatwe, maana tunataka kumvuta mpaka akaze kama ngoma, kisha tumpige lakiri. Mama mmoja wa mtaani kwetu, aliyekuwa akichagua vitenge, alitoka dukani bila kununua.

Laiti wangenipa fursa ya kueleza, kwa kuwa jambo lenyewe ni la ajabu! Nguo hushonwa kwenye mbavu za bawa kwa sindano ndefu ipenyayo juu hadi chini, fundo baada ya fundo. Kisha hupakwa dopu, ambayo ni nitroselulosi iliyoyeyushwa, na kadiri dopu inavyokauka ndivyo nguo inavyojikunyata na kukaza, hata ukiigonga kwa ukucha inalia. Tabaka hufuata tabaka, na mengine hutiwa unga wa aluminiamu ili jua lisiile pamba. Adui wa kazi hii ni hewa ya Dar es Salaam. Kiyeyushi kinaporuka upesi huondoka na joto la nguo, nguo ikawa baridi kuliko hewa, na unyevu wa masika ukatua juu ya dopu mbichi, nayo ikapiga weupe wa ukungu na kupoteza nguvu. Ndipo huongezwa tina ikaukayo polepole, na mtu husubiri, na husubiri. Nafikiri mara nyingi juu ya mafundi waliozihudumia zile Dragon Rapide za mbao na nguo ambazo East African Airways ilianza nazo mwaka 1946, katika unyevu huu huu wa pwani, na nawastahi mno.

Nilipofika nyumbani na bafta yangu begani, turubai lilikuwa limekwisha kufungwa, viti vya plastiki vimepangwa, na mama mwenye nyumba ana daftari la rambirambi mapajani. Fedha zilirudishwa. Mwenye turubai alidai ujira wa kufunga na wa kufungua, nami ndiye niliyelipa.

Huko karakanani nako, niliyemwagikiwa dopu kiatuni ni mimi. Niliyefungiwa stoo na taa ikazimwa ni mimi pia.

Hayo nayasamehe. Nisilolisamehe ni hili: kanuni za kimataifa za leseni, katika Kiambatisho cha Kwanza cha Mkataba wa Chicago wa 1944, humtaka fundi wa ndege awe na uzoefu wa miaka minne, au miwili akiwa amehitimu mafunzo yaliyoidhinishwa; na uzoefu huo ni ule ulioandikwa na kutiwa sahihi, ilhali mwenye kalamu ya kutia sahihi ndiye huyo huyo anayekutuma chai, vocha na bafta. Waajiri nao wataka mwenye uzoefu, na hakuna anayetaka kuutoa. Nimenunua nguo, nimeifua kwa maji ya moto, nimeivuta na kuishona mpaka vidole vikatoka damu, kisha nikapeleka daftari langu la kazi kwa fundi mkuu. Akalisoma, akafuta maneno yangu kwa mstari mmoja ulionyooka, na juu yake akaandika, kwa mwandiko mzuri sana: "Aliangalia."